Shamba Lililo Ndani ya Kompyuta

Wajukuu zangu, zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa kwetu Unyanyembe, ambapo leo ni Tabora. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipita mwaka 1857. Wapagazi hodari wa njia ile walikuwa Wanyamwezi, lakini Novemba ikiingia, kumpata wa kubeba mzigo ilikuwa taabu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili. Pembe za ndovu zingeweza kungoja, jembe halingeweza.

Kalenda ile sasa inayumba, maana dunia inazidi kupata joto. Mvua inaanza, mkulima anapanda, kisha jua linawaka wiki mbili mfululizo. Likiyakuta mahindi yanatoa mbelewele, msimu umeharibika: utamenya hindi ukute gunzi lina mapengo kama mdomo wa kibogoyo. Mtama ukikosa maji hujikunyata, ukayasubiri.

Basi tupande nini, na lini? Mkulima akijaribu kila njia shambani, atazeeka kabla ya kupata jibu. Ndiyo maana wataalamu wakatengeneza shamba ndani ya kompyuta. Programu mojawapo, APSIM, ilianza Australia mwaka 1991. Unaipa udongo wa mahali, mvua na joto la kila siku, aina ya mbegu na tarehe ya kupanda. Nayo inakuza mmea siku baada ya siku, ikihesabu maji yaliyobaki ardhini. Ongeza joto digrii mbili, chelewesha mvua, badilisha mahindi kwa mtama. Misimu 30 inapita kwa dakika chache. Hapo ndipo ninapoipenda: ikikosea, hakuna mtoto anayelala njaa.

Programu nyingine huangalia ardhi nzima. Kwa picha za setilaiti huonyesha misitu ya miombo inavyopungua pale mashamba na kuni za kukaushia tumbaku zinapoongezeka. Miombo hiyo ndiyo inayotupa asali.

Lakini kompyuta si mganga wa ramli. Bila vipimo vya kweli, majibu yake ni bure. Nanyi mnaweza kupima. Chukueni kopo lenye kuta zilizonyooka, liwekeni uwanjani mbali na miti, na kila siku saa tatu asubuhi pimeni maji kwa rula. Milimita moja ni lita moja katika kila mita mraba ya shamba. Andikeni daftarini, kisha mmwage maji. Siku isiyonyesha msiiruke: andikeni sifuri.