Mkutano Nje ya Saa za Mkataba: Mtoto Abaki na Nani?



Leo naomba tuongelee jambo ambalo wengi wetu tunalo lakini tunalimeza kimya kimya: mikutano ya kazi inayopangwa nje ya masaa tuliyoyasaini, hasa kwa sisi wenye watoto wadogo. Nitaeleza ya Uingereza, manake ndiko niliko.

Mimi nimeajiriwa na chuo kimoja masaa 21 kwa wiki: Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. Mkutano wa idara ukapangwa kila mwezi siku ya Jumatano, saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Kulazimishwa sikulazimishwa, niliambiwa tu "ukiweza, njoo". Lakini humo ndimo masomo yanamogawanywa. Nilipoikosa miwili mfululizo kwa sababu ya watoto, somo nililolitunga mwenyewe likapewa mwenzangu. Sidhani kama kuna aliyekusudia kunionea. Waliokuwepo waligawana kilichokuwepo, basi. Hapo ndipo nilipoona kwamba hilo neno "ukiweza" lina meno.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Kwetu mkono wa pili ni bibi, shangazi, jirani au dada wa kazi. Mkutano ukichelewa unapiga simu tu, mtoto atakula na atalala. Huku mkono wa pili unanunuliwa kwa saa. Ni kweli serikali imesaidia: tangu Septemba 2025, huku England, mtoto wa wazazi wanaofanya kazi anaweza kupata masaa 30 ya malezi kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, kuanzia umri wa miezi 9. Lakini nasari nyingi hupanga masaa hayo kwa siku maalumu. Huwezi kuamka ukasema leo nataka Jumatano kwa sababu bosi kaitisha kikao. Kwa hiyo mwenzangu wa wiki nzima anakaa mkutanoni huku analipwa, na mimi nakaa humo humo huku nalipia.

Je, sheria inasemaje? Wengi wetu hudhani haisemi kitu. Kumbe inasema, ila imetawanyika.

Kwanza, malipo. Hapa hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri alipe ovataimu kama mkataba hausemi hivyo. Kinachokatazwa ni wastani wa mshahara wako, ukihesabu masaa yote uliyofanya kazi, kushuka chini ya kima cha chini cha kisheria. Kwa hiyo usome mkataba wako vizuri, hasa ile sentensi ya "masaa ya ziada pale inapobidi".

Pili, usawa. Tangu mwaka 2000 kuna kanuni zinazokataza mfanyakazi wa masaa pungufu kutendewa vibaya kuliko mwenzake wa masaa kamili, isipokuwa mwajiri awe na sababu ya haki. Ukihisi umeonewa, una haki ya kumwandikia mwajiri akupe sababu kwa maandishi, naye anatakiwa akujibu ndani ya siku 21. Barua hiyo peke yake huwaamsha wengi.

Zipo hukumu mbili za Mahakama ya Ulaya zinazolieleza jambo hili vizuri. Ya kwanza ni ya mwaka 1992, kesi iliyotoka Berlin. Mama mmoja wa kazi za huduma aliyekuwa na masaa pungufu alihudhuria mafunzo ya baraza la wafanyakazi, akalipwa kwa masaa ya mkataba wake tu, wakati wenzake wa masaa kamili walilipwa kwa muda wote wa mafunzo. Mahakama ikasema hiyo inavunja usawa wa malipo kati ya wanawake na wanaume, isipokuwa mwajiri athibitishe sababu isiyohusiana na jinsia. Ya pili ni ya mwaka 2004, ya mwalimu wa Ujerumani. Walimu wote walitakiwa kufundisha hadi masaa 3 ya ziada kwa mwezi bila malipo. Kwa juu juu ni haki, wote sawa. Lakini wa masaa kamili alikuwa na masaa 98 kwa mwezi, na yule mama 60. Masaa 3 kwa wa kwanza ni kama asilimia 3 ya kazi yake, kwa wa pili ni asilimia 5. Mzigo ule ule, mabega tofauti.

Tatu, kuna kinachoitwa ubaguzi usio wa moja kwa moja, katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ya Ajira ilishughulikia kesi ya muuguzi aliyefukuzwa kwa kuwa hakuweza kufanya kazi siku zisizotabirika kwa sababu ya watoto wake. Ilisema kwamba wanawake kubeba sehemu kubwa ya malezi ni jambo linalojulikana, mabaraza ya ajira yalizingatie bila kudai takwimu. Kesi ikarudishwa kusikilizwa upya, manake mwajiri bado anaruhusiwa kueleza kwa nini alihitaji utaratibu huo.

Nne, msichanganye mambo. Ile haki ya kuondoka kazini kwa ajili ya mtegemezi ni ya dharura tu: mtoto kaugua ghafla, mlezi hakutokea. Haikusaidii kwa mkutano uliotangazwa mwezi mzima kabla. Kwa huo kuna haki ya kuomba kubadilishiwa utaratibu wa kazi, ambayo tangu Aprili 2024 unaianza siku ya kwanza ya ajira. Ni haki ya kuomba, si ya kupewa.

Mimi nilichofanya ni kuandika barua pepe fupi yenye maombi matatu: mkutano uzunguke siku mbalimbali, ugawaji wa masomo usifanyike bila aliyekosekana kuulizwa kwanza, na nikija siku isiyo yangu nirudishiwe masaa hayo. La kwanza na la tatu yamekubaliwa. La pili bado tunavutana, na lile somo halijarudi.

Kuhusu kusaidiana wenyewe kwa wenyewe: mwaka 2009 maaskari wawili wanawake waliokuwa wakileleana watoto kwa zamu waliambiwa na wakaguzi kwamba wanahitaji kusajiliwa. Kelele zikawa nyingi, serikali ikarekebisha, na marafiki wakaruhusiwa kubadilishana malezi bila pesa. Basi ule ujirani wetu haujakatazwa. Tuuanzishe mitaani kwetu.

Ninachosisitiza ni kimoja. Mkutano wa kazi ni kazi. Anayekuomba uje nje ya masaa yako anakuomba kitu chenye bei, na si utovu wa adabu kumtajia bei hiyo, kwa heshima na kwa maandishi.

Mlio Marekani, Oman na kwingineko, tuelezeni kwenu hali ikoje.

Naomba kuwasilisha.