Dhamana ya Gari Haivunjwi kwa Neno la Mdomo

Alitujia mjane mmoja wa mtaa wetu baada ya sala ya alasiri, mkononi ana kopo la biskuti. Ndani yake hamkuwa na biskuti. Mlikuwa na risiti. Gari lake la kubebea wanafunzi, alilolinunua jipya kwa fungu lake la mirathi, lilikuwa limenoki injini mwezi wa kumi na nne, ilhali dhamana ni ya miaka 3 au kilomita 100,000. Waliomuuzia walimjibu kwa mdomo: "Mama, hukubadilisha oili kwa wakati. Dhamana imeanguka." Injini nyingine aliambiwa ni shilingi 600,000.

Tukamwuliza, "Wamekuandikia hayo, Bi Mkubwa?" Akasema, "La."

Tukaanzia hapo. Tulimsaidia kuandika barua fupi yenye tarehe ya kununua, kilomita zilizokwendwa na siku injini ilipokufa. Aliomba mambo matatu: sababu ya kukataliwa kwa maandishi, kifungu cha dhamana walichokitegemea, na ripoti ya fundi pamoja na picha. Nakala yake ikapigwa muhuri wa kupokewa, naye akairudisha nyumbani.

Kisha akataka injini isifunguliwe zaidi pasipo fundi wake kuwapo. Jambo hili lina uzito. Injini iliyonyimwa oili kwa muda mrefu aghalabu hugandamana tope jeusi chini ya kifuniko chake cha juu. Fundi wake alipotazama, aliona chuma safi, akapiga picha na kuandika alichokiona.

Kanuni tuliyosomeshwa tangu chuoni ni kwamba anayedai ndiye aletaye ushahidi, na mahakama zetu nazo hazikuiacha. Muuzaji akidai uzembe, na aubainishe. Lakini mnunuzi naye huulizwa risiti. Katika sevisi tano, kopo lilitoa risiti nne.

Sheria haikumwacha peke yake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora unaostahiki, na fidia akipata hasara kwa kasoro yake. Ipo pia Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012. Na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Mtu anaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria yataka hukumu itoke ndani ya siku 60 tangu kesi kuwasilishwa.

Barua ya pili iliitaja mahakama hiyo, ikaambatishwa ripoti ya fundi. Haikupita wiki akaitwa. Sulhu ikawa hivi: wao watoe injini, yeye alipe kazi ya kuifunga. Wapo waliomshauri akatae ili apate vyote. Yeye alitazama shule zilizokuwa karibu kufunguliwa, akaitazama ile risiti moja iliyopotea, akakubali. Hatukumlaumu. Haki aliipata pungufu kidogo, ila riziki ya wanawe ilirudi barabarani.

Nasi twawausia mama zetu na dada zetu: msiondoke kaunta na jibu la mdomo. Lile kopo lingali juu ya kabati lake. Kila oili ikibadilishwa, huandika kilomita nyuma ya risiti, akaitia humo, akafunika.