Ithibati ya Programu za Shahada za Mawasiliano ya Kigrafiki nchini Marekani

Makala hii inafafanua nafasi ya ithibati katika shahada za mawasiliano ya kigrafiki nchini Marekani. Taaluma hii hujumuisha uchapaji, utayarishaji wa kurasa na picha, udhibiti wa rangi, vifungashio na uendeshaji wa biashara ya uchapishaji.

Nchini humo serikali kuu haitoi ithibati yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na vyombo visivyo vya kiserikali. Baada ya sheria ya mwaka 1944 kuwalipia karo askari waliorudi vitani, vilizuka vyuo vya ulaghai. Ndipo sheria ya mwaka 1952 ikategemeza malipo hayo kwenye ithibati.

Ithibati ina ngazi mbili. Ithibati ya chuo hupima taasisi nzima: uongozi, fedha, maktaba na huduma kwa wanafunzi. Ithibati ya programu hupima shahada moja: mtaala, wahadhiri, mitambo na kazi za wanafunzi. Hivyo basi, chuo chaweza kuwa na ithibati ilhali karakana yake ya uchapaji imepitwa na wakati.

Kwa kawaida programu hujitathmini kwa maandishi, kisha wakaguzi huizuru, na uamuzi hutolewa kwa kipindi maalumu. Suala la msingi ni nani anayepima. National Association of Schools of Art and Design, chombo kilichoanzishwa mwaka 1944, huitazama kazi ya kigrafiki kwa jicho la sanaa na usanifu. Accrediting Council for Collegiate Graphic Communications huitazama kwa jicho la uzalishaji na tasnia. California Polytechnic State University ni miongoni mwa vyuo ambavyo programu zao zimewahi kupata ithibati yake. Kwa mtazamo wa kwanza, bango hupimwa kwa ubunifu wake. Kwa mtazamo wa pili, huulizwa pia kama rangi yake itabaki ileile katika nakala elfu kumi.

Tofauti na uuguzi, kazi ya uchapaji haihitaji leseni ya kitaaluma. Kwa hiyo ithibati ya programu ni ya hiari, na kukosekana kwake si ushahidi wa udhaifu. Aidha, kuwapo kwake hakumhakikishii mhitimu ajira. Mwanafunzi anayetaka kulipa karo hana budi kwanza kuthibitisha ithibati ya chuo, ambayo misaada ya masomo ya serikali kuu huitegemea, kisha aulize ni kigezo gani kilichotumika kuipima shahada yenyewe.