Dhahabu Huisha, Barabara Hubaki

Miaka kadhaa iliyopita, kabla ya lami kutandazwa, tulibahatika kuipanda kwa Land Rover barabara ya zamani itokayo Mbeya kwenda Chunya. Barabara hiyo huvuka milima ya Mbeya, kisha huteremka katika misitu ya miombo hadi machimbo ya kale ya Lupa. Sisi watu wa visiwani, tuliozoea usawa wa bahari, tulipokewa na baridi, ukungu na utelezi. Upande mmoja ukuta wa mlima. Upande wa pili, chini kabisa, bonde la Usangu. Dereva wetu aliunganisha nguvu kwenye magurudumu yote manne, na kila mteremko aliuingia kwa gia nzito, bila ya kuitegemea breki.

Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927 kwa ajili yake. Katika miaka ya 1930 maelfu ya vibarua wa Kiafrika walichimba na kupepeta mchanga. Faida ikenda kwa wenye leseni na kwa serikali ya kikoloni. Mgodi mkubwa wa Saza ulifungwa mwaka 1956. Wananchi waliachiwa mashimo na njia ya kuyafikia.

Leo wachimbaji wadogo wanachimba tena, na tangu mwaka 2019 Chunya ina soko la madini, ambako dhahabu hupimwa hadharani na haki ya umma hulipwa. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini ikiisha mara ya pili, kitabaki nini? Nasi tunalijua swali hili: bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1980, tulionja uchungu wa kutegemea zao moja.

Wahenga walisema, mali bila ya daftari huisha bila ya habari. Twawaomba wakuu wahusika wahakikishe kwamba mapato ya dhahabu yanaonekana katika skuli, katika zahanati, katika kinga ya mchimbaji anayeshika zebaki kwa mikono mitupu, na katika mitaro ya barabara inayozibuliwa kabla ya mvua.

Dereva mwema hutia gia ya mteremko angali kileleni. Hangoji gari lishike kasi. Nchi nayo yapasa ipange hivyo, wakati mali ingali mkononi.