Mfuko wa Mgeni wa Harusi

Ukiwa mwanachuo na kwenu kuna harusi, jiandae kuwekwa kwenye kamati. Hela hawatakudai sana, wanajua hali ya boom. Ila wanaamini una muda, una bando, na unajua "mambo ya kisasa", kwa hiyo utapewa mapokezi. Ndivyo ilivyonikuta Desemba iliyopita, dada yangu alipoolewa Bukoba. Kazi yangu ilikuwa moja: wageni wanaotoka mbali, 46 kwa hesabu ya mwisho, wengi wao kutoka Dar, wengine Mwanza, na wachache Kampala.

Nilipendekeza tuwaandalie mifuko ya kuwapokea. Kwa asiyejua, ni mfuko mdogo ambao mgeni anaukuta chumbani kwake gesti akifika, una maji, kitu cha kutafuna, ratiba na vitu vidogo vya kumsaidia. Wamarekani wanafanya sana harusi zikiwa mbali na wageni wamepangiwa hoteli. Ukitafuta picha zake mtandaoni utakutana na riboni, mishumaa yenye harufu, vikombe vyenye majina ya maharusi. Mimi pia nilianzia hapo, na nilikuwa nimeshachagua rangi ya riboni. Kilichonitoa kwenye riboni ni mjomba.

Mjomba anaishi Kampala. Miaka mitatu kabla, kaka yangu alipooa, vijana wa kamati walitengeneza kadi mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa ajili ya wageni wa Uganda. Ya Kiswahili iliandikwa ibada saa 8:00 mchana. Aliyetafsiri ile ya Kiingereza aliacha namba ileile 8, kisha akaweka herufi za kuonyesha jioni. Waganda nao kwa lugha yao wanahesabu saa kama sisi, lakini kadi ilikuwa ya Kiingereza, na mjomba akaisoma Kiingereza. Akapanda basi asubuhi, akapita Mutukula, akaoga gesti bila haraka, akavaa suti. Saa mbili usiku alikuwa mbele ya geti la kanisa lililofungwa, akiulizana na mlinzi. Sisi tulikuwa ukumbini tayari. Yeye ndiye alitakiwa kukaa kiti cha mbele kwa niaba ya upande wa mama.

Hakusema kitu. Alikula, akatoa zawadi, akarudi Kampala. Miezi minne baadaye, kwenye msiba wa bibi, ndipo ilipotoka mbele ya ukoo mzima: "Ninyi mlinialika kwenye chakula, hamkunialika kwenye ndoa." Mama hakulala siku ile. Na harusi ya dada ilipokuja, mjomba alituma mchango wake mapema kuliko wote, ila kila alipoulizwa kama atakuja alijibu, "Tutaona."

Sasa hapo riboni inasaidia nini? Nilikaa nikajiuliza swali moja tu: mgeni akishafunga mlango wa chumba saa tano usiku, akiwa na uchovu na mji haujui, anahitaji nini ambacho mwenyeji angempa kama angekuwepo? Mwenyeji hayupo, yuko jikoni au anatafuta jenereta. Mfuko unakaa badala yake mpaka asubuhi. Ukishaelewa hivyo, vitu vingi vinajitoa vyenyewe kwenye orodha.

Upinzani ulitoka kwa mama mdogo, na haukuwa mdogo. "Mwanangu, mgeni anapokelewa na mtu. Hapokelewi na mfuko." Kwake yeye hata gesti ni aibu, kwa sababu zamani wageni wa harusi waligawanywa kwa majirani na kila nyumba ikapika. Nikamwambia, "Mama mdogo, majirani wenyewe siku hizi wamepangisha vyumba." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Na kahawa utawapa na nani?"

Kwa wasiotoka Kagera, nieleze. Kwa Wahaya mgeni anapoingia ndani anapewa kwanza kahawa ya kutafuna. Ni buni nzima, iliyochemshwa ikiwa bado na ganda lake pamoja na majani ya kuipa harufu, kisha ikakaushwa. Inatolewa kwenye kikapu kidogo, mgeni anachukua punje kadhaa, mnatafuna mkiongea. Kwa hiyo hoja ya mama mdogo ilikuwa nzito: kitu cha kumkaribishia mgeni tunacho tangu mababu, na kinatolewa kwa mkono. Tukakubaliana. Mifuko iwepo, lakini kila gesti awepo mtu wa familia jioni ile, mwenye kikapu. Mfuko ni kwa ajili ya watakaofika usiku wa manane na kwa ajili ya asubuhi. Mpaka leo naona yeye ndiye aliyeuokoa mpango wangu, ingawa kwa watu anasema aliupinga.

Tuje kwenye hesabu, maana kamati itakuuliza hapo kabla ya yote. Chakula, ukumbi, MC, muziki na picha vinakula karibu kila kitu, mapokezi yanabakiziwa. Mimi nilipewa 150,000. Ukigawa kwa watu 46 ni kama 3,200 kwa kila mmoja, haitoshi kitu cha maana. Lakini watu hawalali mmojammoja. Nilipohesabu vyumba vilikuwa 27, nikaandaa mifuko 30 ili mitatu iwe ya dharura. Ikawa 5,000 kwa mfuko, na hapo unaweza kufanya kazi. Hesabu vyumba, usihesabu vichwa. Isipokuwa bibi wa bwana harusi, aliyelala chumba kimoja na wajukuu zake wawili: yeye alipata wa kwake, wenye jina lake. Bibi wa wakwe hashirikishwi mfuko na watoto.

Mfuko wenyewe nilinunua wa karatasi ya kaki, 700. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na sioni sababu ya kumkaribisha mkwe kwa kitu ambacho muuza duka anakificha chini ya meza. Ubaya wa kaki ni mvua. Bukoba ni kati ya miji inayopata mvua nyingi kuliko yote nchini, na Desemba ni mwezi wake. Mifuko sita ya kwanza niliipakia kwenye bajaji isiyo na pazia ikafika imelegea kama kitambaa. Ipakie kwenye ndoo au beseni lenye mfuniko, uitoe ukifika.

Ndani tuliweka maji ya lita moja na nusu, 1,000. Hapa usibane. Mtu aliyetoka Dar kwa basi amekaa zaidi ya kilomita 1,300 akijizuia kunywa ili asisumbue dereva, akifika ana kiu ya jana na leo. Karanga 500 na biskuti 500, kwa sababu anayefika saa sita usiku hatapata mama ntilie. Dawa ya mbu ya kupaka, pakiti ndogo, 500. Pakiti za kahawa ya unga na sukari, jumla 600. Hii inatengenezwa palepale Bukoba katika kiwanda cha TANICA, kwa hiyo ni kinywaji na pia ni salamu ya mji. Ila kabla ya kuweka kahawa ya unga uliza gesti kama wana maji ya moto. Moja haikuwa na hata chupa ya chai, tukapeleka mbili za nyumbani. Kahawa ya kutafuna tuliweka kifurushi kimoja kila mfuko, ile iliyofungwa kwa majani makavu ya mgomba, 500. Karatasi mbili za kuchapisha, 200. Jumla 4,500.

Senene walileta mjadala. Desemba ndiyo msimu wao unamalizikia, mama mkubwa alikuwa na ndoo nzima ya waliokaangwa, na kila mtu alitaka wageni waonje. Shida ni kwamba mwenye aleji ya kamba wa baharini au kaa anaweza kudhurika na wadudu wa aina ya senene pia, na nusu ya wageni walikuwa watu wa pwani ambao hawajawahi kuwatia mdomoni. Fikiria mkwe anavimba midomo usiku wa kuamkia harusi. Kwa hiyo hatukuweka kwenye mifuko. Walikaa kwenye bakuli ukumbini na mtu wa kueleza, na waliisha kabla ya wali.

Dawa za kichwa na tumbo nilitaka kuweka. Mwenzangu wa chumba anasoma famasia, akanikatalia: humjui mwenye vidonda vya tumbo, humjui mjamzito, na kidonge kilichokatwa kwenye karatasi yake hakina jina wala tarehe. Badala yake tukaandika duka la dawa lililo karibu na kila gesti na saa linapofunga. Gharama yake ni wino tu.

Na hapo ndipo nafika kwenye kitu kikubwa kuliko vyote humo, zile karatasi mbili. Kama kamati yako itakunyima hela yote, chapisha karatasi uache mengine. Ya kwanza ni ratiba. Kila tukio lina siku, mahali, alama ya jirani inayojulikana na bodaboda, na saa. Saa niliandika hivi: "Ibada, Jumamosi, saa 8:00 mchana (14:00)." Kila mahali, hata kwa chai ya asubuhi. Sehemu ya Kiingereza niliiandika, kisha nikampa mtu mwingine aisome kwa sauti akiwa hana ile ya Kiswahili, aniambie atafika lini. Alikosea mara moja, kwenye saa ya usafiri, nikarekebisha. Mbinu hiyo ya kusomewa na mtu asiyejua kitu naipendekeza hata kwa matangazo ya hapa chuoni, nadhani mnaelewa ninachosema.

Karatasi ya pili ni namba na nauli. Namba za simu weka mbili za watu ambao hawana kazi nyingine siku hiyo. Usiweke ya mama wa bibi harusi, hatapokea, na akipokea atalia. Nauli ya bodaboda na bajaji kutoka kila gesti hadi kanisani na ukumbini tuliulizia siku hiyohiyo kwa madereva watatu, tukaandika, ili mgeni asibebeshwe bei ya ugeni. Mwishoni tuliweka mistari michache ya mambo ya kufanya Jumapili kabla ya basi: ufukwe wa ziwa, na Kanisa Kuu alipozikwa Kardinali Laurean Rugambwa, aliyeteuliwa mwaka 1960 kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Wazee kadhaa walikwenda, na wanasema wasingekumbuka bila ile karatasi.

Kuhusu kupeleka: peleka mchana, kabla ya mgeni hajafika, na mkabidhi msimamizi wa gesti kwa majina. Kila mfuko niliandika jina la mwenye chumba kwa heshima anayoitwa kwao, Mzee Fulani, Mama Fulani, Dokta Fulani kama anapenda uDokta wake. Ule usio na jina ni wa yeyote. Gesti ya kwanza sikuandika, na mifuko miwili ilikwenda kwa wateja waliokuja kuuza samaki. Walinipigia kuulizia ibada.

Mjomba alifika Ijumaa saa tatu usiku. Mama mdogo mwenyewe ndiye alikuwa mlangoni na kikapu, alikuwa amekataa kupokelewa zamu. Walitafuna kahawa wamesimama kwenye korido karibu nusu saa, sikusikia walichoongea. Jumamosi nilifika kanisani saa saba na robo kuangalia viti, nikamkuta amekaa benchi la mbele peke yake, suti ileile, ratiba imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati. Nikamsalimia, "Shikamoo mjomba, umewahi." Akajibu marahaba, akaitoa ile karatasi, akaonyesha kwa kidole ile 14:00. "Hii nani aliandika?" Nikasema ni mimi. Akairudisha mfukoni.

Mifuko ya dharura mitatu: miwili ilizibia ile ya wauza samaki, mmoja alipewa dereva wa basi la kukodi ambaye sote tulikuwa tumemsahau. Bajaji ya kusambaza ilikula 8,700. Nilirudisha 6,300 kwa mweka hazina, akazihesabu mara mbili kwa mshangao, akasema tangu awe kwenye kamati za harusi hajawahi kurudishiwa hela na mapokezi.