Wamarekani nao wana ugali wao

Wengi hudhani Mmarekani anaishi kwa hambaga tu. Sivyo. Akiwa na baridi au huzuni, naye hutamani chakula cha nyumbani kwao, kama sisi na ugali kwa sombe. Kimoja ni makaroni na jibini. Mwaka 1937, wakati uchumi umeanguka, kampuni ya Kraft ilianza kuuza pakiti moja senti 19, ya kulisha watu wanne. Kilikuwa chakula cha shida, leo watoto wanakililia!

Kusini kuna gritsi: chenga za mahindi zinazopikwa kama uji mzito, kisha siagi. Mama aliyezoea kusonga atacheka, lakini mahindi ni yale yale. Karanga za kusaga, ambazo sisi tunatia kwenye mboga, wao wanapaka kwenye mkate pamoja na jemu. Tamu eti!

Wanaosubiri safari, hasa Waislamu: ulizeni kwanza. Mboga za majani za huko kusini, zinazofanana na sukuma wiki, mara nyingi huchemshwa na nyama ya nguruwe. Unga wa mahindi upo madukani, mara nyingi wa njano. Mwiko beba wako.