Rumonge inakamua, nani anaihesabu?

Maendeleo ya viwanda yakitajwa redioni, wengi Burundi huwaza bomba refu la moshi na geti lenye mlinzi. Mimi huwaza pipa linalochemka chini ya bati, Rumonge, kilomita sabini na kitu kusini mwa Bujumbura.

Chikichi hupikwa kwa kuni hadi zilainike, zikapondwa zingali moto, kisha zikatiwa kwenye kikamulio cha chuma. Vijana wawili wanasukuma mtaimbo, wanazunguka, jasho linawatoka. Mwenye uwezo ana injini ya dizeli. Mawese mekundu yanachemshwa tena kukausha maji, yanachujwa, yanaingia kwenye bidoni. Makapi yanarudi motoni. Kokwa zinaanikwa, zibanguliwe, zitoe mafuta ya mise. Mengine yanakwenda kwa watengeneza sabuni.

Hicho ni kiwanda kamili. Karakana ya mhunzi iliitwa kiwanda kabla ya zege kufika kwetu. Nalishikilia neno hili kwa sababu asiyehesabiwa hapangiwi bajeti.

Serikali iliwahi kuwaza makubwa. Kupitia shirika la SRD Rumonge, michikichi ilipanuliwa katika uwanda wa Ziwa Tanganyika, na baadhi ya ardhi ilikuwa ya watu waliokimbia mauaji ya 1972. Waliporudi walikuta mashamba yana wenyewe wengine. Kesi hizo zimegawanya majirani na ndugu, na hakuna mpango wa mawese utakaosimama ukizipita pembeni.

Tunda lenyewe linatetea mashine ndogo. Likishachubuka au kulala siku kadhaa, asidi hupanda na mafuta huharibika. Kiwanda kimoja kikubwa, barabara za vilimani zikiwa tope, kitapokea chikichi zilizochacha. Kikamulio cha jirani kinazipata mbichi.

Kilichobaki ni kukiwezesha. Kwanza miche: aina ya tenera ina nyama nene na ganda la kokwa jembamba kuliko aina ya dura ya zamani. Jirani zetu wa Kigoma wamelivalia njuga tangu 2018, wakizalisha mbegu bora Kihinga. Pili nishati, maana kuni zinamaliza miti ya milimani. Mradi wa mito ya Jiji na Mulembwe, huko huko kusini, umesanifiwa kwa karibu megawati 50. Nyaya zake zipite vikamulioni, si mjini tu. Tatu, kila kikamulio kichimbiwe mashimo ya kutuliza maji machafu yenye mafuta, yasiteremke Tanganyika wanakovuliwa mukeke na ndagala.